Kuchovya zinki na kupaka rangi trekta dogo la bustani: zinki inatoka nyeusi na rangi inabanduka

Mwenye Trekta (swali)

Ndugu zangu, salaam. Kwa miezi mitano sasa ninafufua trekta dogo la bustani, Cub Cadet la muundo ule wa kwanza ambao kampuni ya International Harvester ilianza kuutoa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lenye injini ya Kohler ya silinda moja. Injini nimekwisha kuifungua, kuisafisha na kuifunga upya, nayo inanguruma vizuri. Shida yangu iko kwenye chuma kinachoonekana. Bolti, washa na vishikizo vya madgadi nilitaka kuvichovya zinki mwenyewe kwa umeme, na boneti, madgadi na rimu nilitaka kuzipaka rangi upya.

Nilichanganya siki nyeupe ya asilimia 5, chumvi ya Epsom na sukari kidogo, nikaning'iniza bamba la zinki upande wa chanya na vishikizo viwili upande wa hasi, kisha nikaunganisha chaja ya betri ya volti 12 moja kwa moja. Mapovu mengi yalianza papo hapo, na baada ya dakika 15 vishikizo vilitoka na utando mweusi kama masizi, laini kama sifongo, ambao uling'oka wote nilipousugua kwa kidole. Jaribio la pili lilitoa kijivu kizuri zaidi, lakini upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki chuma kitupu. Hivyo vilivyofaa kidogo nikavipaka rangi ya mafuta ya manjano ili vifanane na boneti, na baada ya wiki tatu rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, ilhali rangi ya kopo lile lile imeshika vizuri kwenye boneti.

Nimekosea wapi? Tena, je, ni salama kuchovya bolti zote, zikiwemo zinazoshika kisu cha kukatia nyasi?

Fundi wa Zinki

Ndugu, mchanganyiko wako hauna kosa kubwa. Kosa liko kwenye umeme na, nadhani, kwenye usafi wa chuma.

Mapovu uliyoyaona ni haidrojeni. Ukisukuma umeme mwingi kuliko uwezo wa maji yale kuleta zinki kwenye uso wa chuma, umeme unaobaki hupasua maji, na zinki inayofika huganda ovyo ovyo kama unga mweusi usioshikamana. Kwa sababu hiyo, katika kazi hii tunapima ampea kwa eneo la chuma, wala hatuangalii volti peke yake. Kishikizo cha sentimita 10 kwa 5, ukihesabu pande zote mbili, kina sentimita za mraba 100, yaani desimita moja ya mraba. Kwa bafu la siki, yaani maji ya kuchovyea kama yako, mimi hukipa kishikizo kama hicho nusu ampea, na sivuki hapo. Ampea moja kwa saa moja hubeba gramu 1.22 za zinki kama umeme wote ungefanya kazi hiyo. Kwa hiyo nusu ampea kwa saa nzima, katika eneo lile, ingeweka unene wa takriban mikroni 8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Utapata pungufu kidogo kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kwenye mapovu, lakini ni utando wa kutosha kwa chombo kinacholala ndani.

Kama huna kifaa cha kudhibiti umeme, chukua betri ya gari na uweke taa ya volti 12 na wati 5 katikati ya waya mmoja, ili umeme wote upite kwanza kwenye taa. Taa hiyo haitaruhusu zaidi ya ampea 0.4 hivi. Ni njia ya kizamani, nami bado naitumia kwa vipande vidogo kwa sababu hainidanganyi: taa ikiwaka kwa nguvu zake zote, najua waya zimegusana majini.

Upande uliobaki mtupu ulikuwa umelipa bamba la zinki mgongo. Weka mabamba mawili, moja kila upande, yenye eneo lisilopungua lile la kipande unachochovya, na ukoroge maji polepole. Usitumie bati la paa badala ya zinki, kwani zinki yake ni utando mwembamba tu, na ukiisha, kinachoingia majini ni chuma cha chini.

Sasa usafi, ambao ndio unaokula muda wangu mwingi. Grisi ya miaka sitini haiondoki kwa kitambaa. Chemsha vipande katika maji yenye sodiamu kaboneti, ile soda ya kufulia, visugue, kisha vimwagie maji safi. Maji yakitandaa kama shuka moja bila kupasuka, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, na hapo zinki haitashika hata ungefanya nini. Baada ya hapo chovya kwa muda mfupi katika asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, suuza, na uingize bafuni kikiwa bado na unyevu. Asidi hiyo hiyo itaondoa ule utando mweusi wa zamani: utaona ukitoa mapovu, na mapovu yatapungua ghafla zinki ikiisha. Fanya yote haya nje, mbali na moto, na kamwe usiache asidi ikutane na dawa ya kung'arishia nguo, maana huzaa gesi ya klorini.

Nyongeza kwa wale wanaoondoa kutu kwa umeme kabla ya kuchovya: chuma cha upande wa chanya kiwe chuma cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu kina madini ya kromiamu, na kwa njia hiyo unaweza kuishia na ndoo ya maji yenye kromiamu ya aina ya sumu.

Mpaka Rangi wa Siku Nyingi

Mwenzangu ameeleza vyema habari ya bafu. Mimi nitajibu kuhusu rangi inayobanduka, kwa sababu ni jambo lililowahi kuniharibia kazi nzima ya trela, na lilinichukua muda mrefu kulielewa.

Rangi ya alkidi, yaani rangi ya mafuta ya kawaida kama yako, ikikaa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yaliyomo humenyuka na zinki na kutengeneza kitu cha jamii ya sabuni katikati ya rangi na chuma. Rangi huonekana nzuri mwanzoni, kisha huachia kwa vipande vikubwa. Juu ya boneti hakuna zinki, ndiyo maana kopo lile lile lilishika. Kwa hiyo amua mapema: kilichochovywa zinki kiache kama kilivyo, na kinachopakwa rangi kisichovywe. Ikiwa ni lazima upake juu ya zinki, ikwaruze kwa wepesi, ondoa vumbi, weka praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kushikiza), ndipo rangi ya juu ifuate.

Kuhusu rangi ya zamani ninakusihi sana. Rangi za miaka ya 1960 mara nyingi zina risasi, madini yenye sumu. Marekani yenyewe ilipiga marufuku risasi katika rangi za matumizi ya kawaida mwaka 1978. Usiipige msasa mkavu. Tumia dawa ya kubabua rangi au msasa wa maji, na ukusanye uchafu wote usibaki mahali watoto wanapocheza. Na ukichagua rangi ya sehemu mbili yenye hadena (kigumishi) ya isosianati, kemikali hatari kwa mapafu, barakoa ya vichujio isikupe moyo. Inahitaji hewa safi inayoletwa kwa bomba. Kwa trekta la nyumbani mimi ningepaka alkidi juu ya praima, tabaka jembamba baada ya jingine, na kufuata muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo, kwani ukirudia katikati ya kukauka, tabaka la chini hujikunja.

Mkagua Bolti

Niongeze kuhusu bolti. Haidrojeni inayotoka wakati wa asidi na wa kuchovya huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla kikiwa kimekazwa, pengine siku kadhaa baadaye. Trekta lako lina bolti za inchi, basi tazama kichwa: isiyo na alama na yenye mistari mitatu unaweza kuchovya, yenye mistari sita ni ngumu zaidi, nami singeichovya nyumbani. Springi na bolti nyeusi za kichwa cha shimo la pembe sita usiziguse kabisa. Bolti za kisu ziweke kando, ununue mpya zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kumbuka pia kwamba kwenye uzi wa bolti, kila mikroni moja ya zinki hunenepesha kipimo cha uzi kwa mikroni nne. Ukizidisha, nati haitapanda.

Mwenye Trekta

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimefanya kwa taa ya wati 5 na mabamba mawili, baada ya kurudia kusafisha mara tatu hadi maji yalipotandaa. Baada ya saa moja kishikizo kilitoka kijivu cha kufanana pande zote, na brashi ya shaba nyeupe ikakipa mng'ao bila kung'oa kitu. Rangi ya manjano nimeibabua kwenye vishikizo vyote. Vitabaki zinki tupu. Swali la mwisho: nikivifunga hivi hivi, havitaota unga mweupe?

Fundi wa Zinki

Vitaota, hasa mahali penye unyevunyevu. Nunua dawa ya kukinga zinki yenye kromiamu ya aina tatu, ile inayoacha rangi ya samawati hafifu, na uiepuke ya njano ya zamani yenye kromiamu ya aina sita, ambayo husababisha saratani. Chovya mara tu baada ya kusuuza, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha suuza tena na uviache vikauke kwa saa 24 kabla ya kuvifunga, kwa sababu utando ule ukiwa mbichi hukwaruzika hata kwa spana.