Naomba ushauri: mafuta gani yanafaa kusafishia bunduki huku pwani?

Habari zenu wakuu. Nina bunduki ya marisau ya mitutu miwili, geji 12, ninayoimiliki kwa leseni. Naitumia kufukuza nguruwe mwitu shambani Pangani. Shida yangu ni kutu. Hewa ya chumvi huku haina huruma: juzi nimepitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu kikatoka na rangi ya chai ya rangi, na ilikuwa na wiki tatu tu tangu niisafishe. Karibu na bawaba vimeanza vidoti vyekundu, ukipitisha ukucha unavisikia.

Mpaka sasa nimekuwa nikisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya shaba, halafu napaka mafuta ya cherehani. Baruti inatoka vizuri, lakini mafuta yenyewe hayakai. WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kopo, nayo nilijaribu. Inafukuza maji kweli, ila ikishakauka naona chuma kimebaki kitupu.

Nimesoma kwamba Hoppe's No. 9, dawa ya kusafishia bunduki, ni ya kuyeyusha masalia ya baruti na risasi, siyo ya kulinda chuma, kwa hiyo bado ningehitaji mafuta mengine juu yake. Mafuta ya Ballistol wanasema hayadhuru mbao, na hilo ndilo linanivutia, maana kitako changu ni cha mti na kimeshaanza kunyonya mafuta pale kinapoungana na chuma.

Mnaoishi pwani, mnatumia nini? Na mnapaka kila baada ya muda gani? Bunduki ni ya marehemu baba, sitaki iharibike mikononi mwangu.