Tupeane uzoefu: nywele zinapungua na kichwa kinawasha, vijana wa Kigoma na Tabora

Mleta uzi
Wadau, uzi huu ni wa vijana wa kiume ambao nywele zinapukutika na wakati huohuo kichwa kinawasha, kinatoa magamba au vipele. Upara wa ukoo peke yake tuuweke pembeni. Ule unaanzia kwenye kona za paji na utosini, unakuja kimyakimya, hauwashi. Ukijikuna, ujue kuna kitu cha pili juu yake, na mara nyingi hicho ndicho kinachotibika upesi. Vinyozi, wauza dawa, wauguzi, shusheni nondo. Tunataka vipimo na muda, "jaribu hiki" hatuitaki.

Muuguzi_Gungu
Kabla ya dawa, angalia kichwa mchana, juani, mtu mwingine akikutenganishia nywele kwa ncha ya kitana.

Magamba ya manjano yenye mafuta, yametanda kichwani na kushuka hadi kwenye nyusi na pembeni ya pua: hiyo ni mba iliyokomaa. Ngozi imevimba, nywele zinakatika kwa kukunwa na kupukutika kabla ya wakati wake. Ukiituliza, nywele hurudi.

Viraka vya duara vyenye vidoti vyeusi, yaani nywele zilizokatikia usawa wa ngozi: hayo ni mapunye. Mtu mzima huyapata kwa nadra, na kama nyumbani kuna watoto wanayo, taulo na kitana cha pamoja ndiyo njia yake. Krimu haitoshi hapa, kwa sababu fangasi yuko ndani ya shina la nywele na krimu haifiki huko. Ni vidonge vya griseofulvini, mtu mzima kwa kawaida miligramu 500 kwa siku, wiki 6 hadi 8, vimezwe baada ya chakula chenye mafuta maana bila mafuta mwili hauvifyonzi vizuri. Maharage ya mawese yanatosha kabisa. Pombe weka kando. Na hili vijana hawaambiwi: mwanaume anayetumia dawa hii asitungishe mimba wakati wa matibabu na miezi 6 baada ya kumaliza. Kwa hiyo ni dawa ya kuandikiwa baada ya kupimwa, siyo ya kuagizia bodaboda.

Sehemu inayong'aa, laini, haina vitundu vya nywele: hapo kovu limeshaziba. Hakuna mafuta yatakayoziotesha. Kinachobaki ni kuwahi zile za pembeni.

Halafu kuna zinazopukutika kichwa kizima miezi 2 au 3 baada ya malaria kali au homa ya matumbo. Hizo haziwashi, hurudi zenyewe. Watu wengi huanza dawa ya mba wakati huo, nywele zikirudi wanaisifia dawa.

Mfamasia_Mwanga
Nami niongezee kwenye mba, maana hapo ndipo hela zinapotea.

Tatizo letu la Kigoma ni mise, yaani mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi. Kichwa kikikauka, mtu anapaka mise. Magamba yakionekana, anaongeza mise yafichike. Yule fangasi wa mba, Malassezia, hawezi kujitengenezea mafuta, anaishi kwa mafuta ya kichwani mwako, na mabaki anayoyaacha ndiyo yanayochoma ngozi. Unamlisha kila asubuhi halafu jioni unamtafutia dawa. Acha mafuta kichwani wiki 4 zote za matibabu. Na usioshee nywele sabuni ya kipande: ina magadi, iko kwenye pH (kipimo cha uchachu na ubesi) 9 hadi 10 wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5.

Shampuu ya ketokonazoli (dawa ya fangasi) ya asilimia 2 inatumika hivi. Osha kwanza na shampuu ya kawaida kuondoa mafuta na vumbi, suuza. Mimina kama mililita 5 hadi 10, isugue kwenye NGOZI kwa ncha za vidole, usitumie kucha. Iache dakika 5 kamili, ukitazama saa. Suuza. Mara 2 kwa wiki, wiki 2 hadi 4, kisha mara 1 kila wiki au kila wiki mbili ili isirudi.

Wanaosema haifanyi kazi, ukiwahoji wamekosea palepale: wamesuuza baada ya sekunde 30, au wamepaka juu ya mafuta, au wameacha wiki ya kwanza muwasho ulipoisha. Fangasi huyu ni mkazi wa kudumu wa ngozi. Unampunguza, humfukuzi. Wengine wanaitumia kila siku, nywele zinakauka na kukatika, wanalaumu dawa. Mwenye rasta atumie mara 1 kwa wiki.

Zile krimu za mchanganyiko, zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na antibiotiki ndani ya tyubu moja, usijipakie kichwani. Muwasho unatulia siku 3, fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini, na ngozi inakonda.

Kinyozi_Ujiji
Kisogo ni kesi yangu. Vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyogeuka kuwa vinundu na kung'oa nywele siyo mba wala mapunye. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata hadi chini ya ngozi, ncha inarudi ndani kama mwiba, ngozi inapigana nayo, inaweka kovu. Kola ya shati na kofia ngumu ya pikipiki vinasugua palepale, ndiyo maana waendesha bodaboda wanalalamika sana.

Mteja wa aina hii: usipite wembe, usipige mashine bila kitana chake cha kuvika kwenye meno, acha angalau milimita 3, yaani kitana namba 1. Usimkandamize. Usimtumbue. Na usimmiminie spiriti kwenye vipele vilivyo wazi, inamchoma tu na kuikera ngozi zaidi.

Meno ya mashine yakipata moto yanaunguza, na kijana atadhani ni fangasi. Jaribu kwenye mkono wako wa ndani katikati ya kazi. Yakichoma, zima, tone 2 za mafuta ya mashine, subiri.

Usafi: piga brashi kwanza nywele zitoke, maana spiriti haipenyi kwenye uchafu. Kisha spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe. Vitana vya plastiki: Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, dakika 10, suuza. Meno ya chuma usiyaloweke humo, yatashika kutu. Wembe, kila mteja na wake mpya, hakuna mjadala.

Mdau_Ipuli
Huku Tabora watu wanapaka asali. Ni kweli inasaidia au ni maneno ya wauzaji?

Mfamasia_Mwanga
Siyo maneno matupu. Kuna utafiti uliochapishwa 2001 kwa wagonjwa 30 wa mba sugu: asali ghafi asilimia 90 na maji ya uvuguvugu, kusugua dakika 2 hadi 3, kuiacha kwa muda wa saa 3, siku moja ndiyo moja siyo, wiki 4. Muwasho na magamba viliisha ndani ya wiki. Ila ni wagonjwa wachache, na saa 3 na asali kichwani huko kwenu kwenye nyuki… chagua pa kukaa. Asali ya kuchanganywa na sukari haina kazi. Kwa mapunye pia haifai.

Na wanaouliza minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele: ni mililita 1 ya asilimia 5, mara 2 kwa siku, kwenye ngozi kavu, angalau miezi 4 kabla ya kuhukumu. Wiki za mwanzo nywele hupukutika zaidi, usishtuke. Lakini usiianze kichwa kikiwa kinawasha au kina vidonda: inafyonzwa kupita kiasi, na ile ya maji ina propilini glaikoli, kiyeyusho cha dawa, inayowasha yenyewe. Tuliza ngozi kwanza. Ukishaianza ni ya kuendelea nayo, ukiacha zilizoota zinaondoka.

Muuguzi_Gungu
Rangi nyeusi za kupaka nywele na ndevu, piko zikiwemo, nazo zichunguzwe. Kichwa kikivimba na kutoa maji siku 1 hadi 3 baada ya kupaka, ni mzio wa rangi. Usipake tena hata kidogo, mara ya pili huwa kali kuliko ya kwanza.

Mba inayogoma wiki 4 za shampuu iliyotumika sawasawa, au iliyotapakaa usoni na kifuani, nenda kapime, na VVU wapime humohumo, maana kinga ikishuka mba hupamba moto. Usaha, maumivu, vinundu vinavyokua: usisubiri hizo wiki 4. Hospitali ya Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora. Watakwangua magamba na kuyatazama kwenye hadubini, kwa hiyo usiende umetoka kunyolewa, na usipake mafuta wala dawa ya fangasi siku chache kabla, la sivyo kipimo kitasoma safi na utarudi nyumbani na fangasi wako.