Kurasa 7 za fomu ya kujiunga kidato cha tano, na bado tumerudishwa getini!

Wakuu, naandika nikiwa gesti ambayo sikuipangia bajeti. Anayetaka kuniambia nipunguze hasira apite uzi mwingine.

Mdogo wangu kachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali na kwetu. Fomu ya kujiunga tukaipakua, tukaichapa, kurasa 7. Mama kaisoma, mimi nimeisoma mara mbili. Leo tumefika getini na begi, ndoo, jembe na godoro. Wakaanza kutuuliza: Fyekeo liko wapi? Rimu je? Hii fomu ya daktari mbona haina mhuri wa hospitali ya serikali? Na mbona mmechelewa siku tatu?

Nikaitoa palepale, nikaanza kufukunyua. Jembe na ndoo viko ukurasa wa 2. Fyekeo liko ukurasa wa 5, chini ya "Mazingira". Rimu iko ukurasa wa 7, kwenye "Mengineyo", chini ya katazo la simu. Habari ya mhuri wameichomeka katikati ya aya ya nidhamu, baina ya kunyoa nywele na kutoroka! Tarehe ndiyo kiboko: "Mhusika ataripoti ndani ya siku saba kama ilivyoainishwa katika kipengele 3(b)." Nenda 3(b) sasa. Mashuka jozi mbili, rangi ya bluu. Kumbe kuna vipengele viwili vyenye namba 3, na cha tarehe kiko ukurasa wa 6.

Ukurasa wa kwanza una nini? Pongezi, kaulimbiu, na shule iko kilomita ngapi kutoka mjini. Basi.

Halafu hizo pesa. Ada ya kidato cha tano na sita kwa shule za serikali hapa Tanzania ilifutwa 2022, sawa. Ukurasa wa 3 kuna "mchango" wa 20,000. Ukurasa wa 5 kuna "gharama za dharura" 20,000. Mama akajinyima, akatafuta 40,000. Mhasibu anatuambia, bila hata aibu, ni hela ileile moja! Sasa hela moja inapewa majina mawili ya nini? Na mtoto naye juu ni "mwanafunzi", katikati "mhusika", mwishoni "mlengwa". Mama aliniuliza kabisa, "Huyu mlengwa ndiyo nani, mwanangu, au ni mimi mzazi?"

Na msiniambie mama hajui kusoma. Kiswahili ndiyo lugha yake tangu kuzaliwa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, tukashangilia. Haya, Kiswahili chenyewe ndiyo hiki cha "sambamba na hilo, kwa kuzingatia umuhimu wa utunzaji wa mazingira, mlengwa atawajibika kuwa na zana stahiki"? Andika: LETA FYEKEO. Maneno mawili, mtu anapita dukani kabla hajapanda basi. Aliyeandika anaijua shule yake, kwake kila kitu kiko wazi. Nadhani hata hakuwahi kumpa mtu mmoja wa nje aisome kisha amuulize, "Haya, unakuja lini na unabeba nini?"

Ila kilichonimaliza ni hiki. Wakati tunageuza mizigo nikaona kwenye kibanda cha mlinzi kuna kipande cha boksi, kimeandikwa kwa maka peni:

GODORO. NDOO. JEMBE. FYEKEO. RIMU 2. FOMU YA DAKTARI YENYE MHURI. HELA 20,000 TU. MWISHO SAA 10 JIONI.

Nikamuuliza nani kaandika. Akasema yeye, kachoka kuulizwa na wazazi wanaolia getini.

Nimekipiga picha. Mwenye mtoto aliyepangiwa huku, aje inbox nimtumie, hiyo fomu aachane nayo.