Naomba ushauri: nimemsamehe, ila funguo za stoo nampaje?

Shalom wapendwa. Mimi ni mkulima wa viazi huku Uyole, Mbeya. Mwaka juzi kijana niliyemlea kama mdogo wangu aliuza magunia yangu 14 ya viazi, akatokomea Tunduma na hela yote. Ada ya mwanangu ikakwama, mke wangu akauza mbuzi wake. Jumapili iliyopita karudi, kakonda, akapiga magoti sebuleni analia. Nikamwinua, tukala ugali. Baridi ya huku mwezi wa saba mnaijua, nikampa na koti.

Sasa anaomba kazi tena. Mchungaji ananikumbusha kusamehe saba mara sabini, Mathayo 18. Sawa, lakini Zakayo mtoza ushuru alipotubu alisema mwenyewe atarudisha mara nne, na Paulo alipomwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni hakulifumbia macho deni, alisema aandikiwe yeye Paulo. Huyu wangu hajataja hata gunia moja! Mke wangu kanuna, hata chai naandaa mwenyewe.

Je, nikimdai nitakuwa sijamsamehe? Na nikimpa kazi bila funguo za stoo, si namsimanga? Mliopitia haya nisaidieni, Jumamosi anakuja kuchukua jibu.