Siku tatu kabla ya harusi: Arusha au Moshi, wapi kuna vya kuona kwa hela ndogo?

BintiAreaC

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Tuna harusi Moshi Jumamosi ya wiki ijayo. Natoka Dodoma na mwanangu wa miaka 11, pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi. Tunaondoka Jumanne, kwa hiyo Jumatano, Alhamisi na Ijumaa hatuna ratiba. Malazi si shida, ndugu tunao miji yote miwili. Shida ni hela ya kutembea: nimetenga laki moja kwa watu watatu kwa siku zote tatu, nauli za kuzungukia na chakula cha njiani humo humo. Mbuga na magari ya watalii msinitajie kabisa.

Je, tutue Arusha kwanza au twende moja kwa moja Moshi tutulie huko? Mtoto anapenda historia, mama anapenda masoko. Mimi napenda kukaa chini.

Toyo Namba Tisa

Arusha, dada, wala usiumize kichwa. Basi la Dodoma linapita Kondoa na Babati, linafika Arusha kabla ya Moshi. Kuipita halafu uirudie ni kulipa nauli mara mbili.

Mimi naendesha toyo (bodaboda), nakula kwa kubeba watu, lakini nakwambia ukweli: katikati ya jiji hunihitaji. Mnara wa Saa, Boma, AICC (kituo cha mikutano), Mnara wa Mwenge, Soko Kuu, vyote unakwenda kwa mguu na kupumzika njiani. Pale Mnara wa Saa utakuta watu wanapiga picha kwa sababu ya ile hadithi kwamba ndiyo katikati ya Cairo na Cape Town. Usije ukapima kwenye ramani, utaharibu picha za watu.

Mmachame Mtulivu

Toyo, mtu ana mama mwenye magoti unampeleka kwenye foleni na wauza shanga wanaomfuata mpaka chooni? Moshi mji mdogo, msafi, unapumua. Unatembea Shanty Town chini ya miti, hakuna anayekusukuma. Saa kumi na mbili asubuhi unakaa barazani na chai yako, mlima uko mbele, mita 5,895, na hakuna anayekudai kiingilio. Ila uamke. Saa nne mawingu yameshaufunga.

Na historia tunayo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, Arusha wakaisubiri mpaka 1929. Mji wenyewe umekua kuizunguka stesheni, ndiyo maana kule juu mlimani panaitwa Old Moshi mpaka leo. Kisha mwonyeshe mtoto jengo la KNCU, ushirika wa kahawa wa tangu 1933. Mama mpeleke soko la Memorial kwenye mitumba, utamkosa mpaka jioni.

Toyo Namba Tisa

Hivyo vyote umevimaliza saa tano asubuhi. Baada ya hapo?

Mmachame Mtulivu

Baada ya hapo anakaa chini. Soma swali.

Mwalimu wa Zamani

Marahaba binti. Vijana wanabishana kuhusu uzuri, wewe umeuliza kuhusu hela. Nimeishi miji yote miwili na tofauti yake si kiingilio, ni nauli. Vitu vya Arusha vimerundikana mjini. Vitu vikubwa vya Moshi viko migombani: Materuni, Marangu, Old Moshi. Kifodi (daladala ndogo) cha mjini kilipanda hadi shilingi 600 Desemba 2023, hiyo si kitu, lakini kupanda mlimani watu watatu kwenda na kurudi, na kipande cha mwisho kwa bodaboda, ndiko laki yako itakakoyeyukia.

Kwa mtoto mpenda historia ningeanzia Boma, mwisho wa Barabara ya Boma. Wajerumani walilijenga 1899 hadi 1900 kwa kuwashurutisha Waarusha na Wameru. Chanzo mweleze mnapopanda ile barabara: Oktoba 1896, pale Akeri, wamisionari wawili, Segebrock na Ovir, waliuawa, na Wajerumani wakaleta jeshi kulipiza kisasi. Ngome ikafuata. Tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na habari za chimbuko la binadamu, Olduvai na Laetoli, zimo. Bustani yake ina kivuli, mama anaweza kubaki hapo mkizunguka.

AICC mtaitazama kwa nje. Mwambie mtoto kwamba majengo yale yalikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika 1977, na kwamba humo humo Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilisikiliza kesi mpaka ilipofungwa mwaka 2015.

Kisha shukeni na Barabara ya Makongoro mpaka Kaloleni, Makumbusho ya Azimio la Arusha. Hapo msiharakishe. Kwanza mtoto atashangaa udogo wa jengo. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapo Januari 26 hadi 29, 1967, Azimio likatangazwa Februari 5, na kesho yake benki zikataifishwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi, tulilikariri kama sala. Mwache asimame katikati ya ukumbi, halafu toka naye nje mtazame Mnara wa Mwenge, bodaboda zikiuzunguka na mwenye mahindi ya kuchoma pembeni. Bei ya Mtanzania ni ndogo pote pawili, si ya mgeni. Beba kitambulisho cha NIDA, ubishi wa mlangoni hauna faida.

Dada wa Sakina

Naongezea la nauli na "waongozaji". Mwaka juzi nilipeleka wageni kwenye maporomoko fulani upande wa Moshi, sitayataja. Getini tukalipa kiingilio, tukapewa na risiti. Hatua ishirini mbele, kijana anasema bila mwongozaji haturuhusiwi. Tukalipa. Kufika kwenye mteremko, kuna mchango wa njia. Kurudi, yule yule mwongozaji anadai hela ya kutubebea mkoba ambao hakuna aliyempa, aliunyakua mwenyewe nilipoteleza. Kwa watu wanne tuliacha zaidi ya elfu sitini, na ngazi zenyewe ni udongo uliochimbwa na jembe, umelowa. Magoti ya mama yasahau huko. Maji mazuri lakini, siwezi kusema uongo.

Ukikutana na hali hiyo, taja jumla KABLA ya kupiga hatua: "Mpaka tunarudi hapa, watu watatu, ni shilingi ngapi kila kitu?" Asikujibu "tutaongea".

Kipepeo88

Chemka je? Maji safi, mtoto anaogelea.

Dada wa Sakina

Chemka hata sisi tunapenda, ila unashuka Boma Ng'ombe, halafu bodaboda kwenye vumbi. Bodaboda mbili kwa watu watatu, kwenda na kurudi. Na mama akae kwenye mizizi ya miti akitazama watu wanaruka maji? Hapana.

Mama Mbogamboga

Mbona mnaisahau Tengeru? Jumatano na Jumamosi ndiyo siku za soko, na yeye Jumatano yuko huru. Mama apelekwe huko asubuhi na mapema, mizigo ya Wameru inaposhushwa: ndizi, maparachichi, karoti zenye udongo bado. Hakuna ngazi.

Halafu wakiwa hapo hapo wakayaone makaburi ya Wapolandi, kwenye eneo la chuo cha mifugo. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia walikaa Tengeru wakimbizi wa Kipoland wapatao elfu tano, wengi wanawake na watoto, waliofukuzwa makwao na Warusi wakazunguka Uajemi kabla ya kufika huku. Waliofia hapa wamezikwa hapo, makaburi karibu 150, yamepangwa safi kuliko makaburi yetu mengi. Mtunzaji atawafungulia, mnaandika majina kitabuni. Mkimpa chochote ni hiari yenu.

Ziwa Duluti nalo lipo karibu, ila hilo lina kiingilio chake.

Mtoto wa Kidia

Nilikuwa napita tu, lakini Mwalimu ameitaja Old Moshi kwa ajili ya nauli peke yake, roho imeniuma. Dada, kama kuna sehemu moja ya kutumia hela upande wa Moshi, iwe hiyo. Kuna mti pale Tsudunyi ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga, Machi 2, 1900, yeye na viongozi wengine, akiwamo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Vichwa vinasemekana kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wa Meli, Mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi kukidai cha babu yake. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu na familia za huku kwetu, kichwa cha Meli kikawa bado.

Mtoto wa miaka 11 akisimama chini ya ule mti hasahau. Mimi nilipelekwa na babu nikiwa na miaka minane, nikaugusa, akanichapa mkono.

Mwalimu wa Zamani

Umesema vizuri, mwanangu. Narudisha kauli. Binti, Jumatano Tengeru, Alhamisi Arusha mjini, Alhamisi jioni panda kosta ya Moshi. Ijumaa asubuhi mama abaki na mashemeji, wewe na mtoto mpande Old Moshi wawili tu. Hapo nauli inapungua kwa theluthi.

BintiAreaC

Asanteni sana Mwalimu na wote. Tunafuata hiyo. Nitaleta mrejesho.

BintiAreaC

Mrejesho kama nilivyoahidi. Tumetumia 88,500. Azimio ndiyo imemshika mtoto kuliko yote, amemuuliza mhudumu kwa nini benki zilirudishwa kwa watu binafsi, mhudumu akaniangalia mimi. Makaburi ya Tengeru mama mkwe alitembea mstari kwa mstari akisoma miaka. Kila akikuta ya mtoto mchanga anasimama. Tulichelewa kutoka kwa sababu hiyo na sikumharakisha. Old Moshi tulienda wawili, mti tumeuona, hatukuugusa.

Mlima hatukuuona hata nukta. Siku zote ukungu, Mmachame na chai yako ya saa kumi na mbili.

Mmachame Mtulivu

Julai unatafuta nini mlimani? Njoo Januari. Hiyo 88,500 mbona kubwa, mlikula nini?

BintiAreaC

Mtori na chapati tu. Ila elfu nne humo ni nauli ya mzigo. Mama alinunua mkungu mzima wa ndizi mshare Tengeru siku ya kwanza, tukauzungusha nao Arusha, ukapanda kosta, konda akautoza kama abiria.

Mmachame Mtulivu

Subiri kwanza. Mmebeba ndizi, mkazileta MOSHI?

BintiAreaC

Nilimwambia. Akasema harusini haendi mikono mitupu.