Kurekebisha mkono wa pleya ya santuri: sikio au vifaa?

mfereji45
Wakuu, salaam. Pleya ni Technics SL-1200MK2, katriji (kijisanduku kinachobeba sindano) ni AT-VM95E. Kuna wanaosema ununue mizani, kioo na santuri ya majaribio. Wengine wanasema tega sikio, basi. Ipi inatosha?

fundi_sindano
Inategemea unarekebisha nini, mkuu. Uzito wa sindano, yaani inavyokandamiza santuri, usiuachie sikio. VM95E inataka gramu 1.8 hadi 2.2, anza na 2.0. Uzito ukizidi kidogo besi hujaa na msikilizaji hufurahi. Ukipungua, sauti hudhaniwa safi, mpaka muziki uwe mkali na sindano ianze kugonga kuta za mfereji. Hapo ndipo santuri inapoliwa. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 ni bei rahisi, ila kibao chake kisiwe cha chuma kinachovutwa na sumaku ya katriji, la sivyo namba ni za uongo. Na sindano itue kwenye kimo kilekile cha uso wa santuri.

Bi_Spika
Kwenye kimo cha mkono, sikio ndilo hakimu. Anza mkono ukiwa sambamba na santuri. Chagua kipande cha nusu dakika chenye mwimbaji na matoazi, ukirudie kilekile. Inua mkono, fungua loki, zungusha pete ya kimo iliyo chini ya mkono milimita 1, funga loki tena (ikibaki wazi nguzo inacheza na utalaumu sindano bure), kisha sikiliza. Nyuma ya mkono ikiwa juu mno, herufi "s" zinachoma na besi inakonda. Ikiwa chini mno, matoazi yanafifia na besi inavimba.

kanda_na_santuri
Bi Spika, hapo kuna mtego. Ukigusa kimo, uzito wa sindano nao unaweza kusogea, kwa hiyo huenda unachosikia ni uzito. Pima tena kila baada ya kuzungusha pete, ndipo uhukumu.

Halafu tuwe wakweli kuhusu hesabu. Mkono huo una urefu wa milimita 230, hivyo nyuzi 1 ya mwinamo ni kama milimita 4 za kimo. Pete nzima inatoka milimita 0 hadi 6, yaani nyuzi 1.5 tu. Tofauti ya santuri nyembamba na ya gramu 180 haifiki hata milimita 1. Kubadilisha kimo kwa kila santuri ni kujichosha. Sindano ya VM95C, yenye ncha ya duara, karibu haijali kabisa. VM95ML na VM95SH, zenye ncha nyembamba, ndizo zenye wivu. Yako, VM95E, iko katikati.

Bi_Spika
Nakubali kuhusu kupima tena. Lakini milimita 3 kwenye VM95SH zinasikika, tusidanganyane.

fundi_sindano
Antiskeitingi, yaani nguvu inayozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri, nayo ni ya sikio. Weka namba sawa na uzito, yaani 2, kisha cheza wimbo wa mwisho karibu na lebo, penye sauti kali. Spika ya kulia ikianza kukwaruza kabla ya kushoto, ongeza. Ya kushoto ikitangulia, punguza. Jaribu kwa santuri mbili tatu, maana moja iliyochakaa itakupoteza. Usitumie santuri isiyo na mifereji: hapo sindano haisuguani na kuta za mfereji wala muziki, kwa hiyo jibu si la kweli.

Kabla ya hayo yote kagua waya za katriji: nyeupe na bluu ni kushoto, nyekundu na kijani ni kulia. Zikipishana, utarekebisha kinyume.

mfereji45
Na sindano kusimama wima, ikitazamwa kwa mbele?

kanda_na_santuri
Kioo kidogo juu ya sahani: katriji na taswira yake ziwe mstari mmoja. Ukitaka sikio, tafuta singo ya mono, geuza waya mbili za upande mmoja tu wa katriji, bonyeza "mono" kwenye ampli. Sauti inatakiwa ikaribie kupotea. Pindisha kidogo kidogo hadi ibaki ndogo kuliko zote. Kichwa cha kawaida cha Technics (kipande cha mbele kinachoshika katriji) hakina skrubu ya kupindisha, kwa hiyo utahitaji kichwa chenye nafasi hiyo. Ukimaliza, rudisha waya zako.