Naomba ushauri: wageni wa likizo na kuoga baharini

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine hamjambo. Likizo ya Desemba dada yangu wa Nakuru ananiletea wanawe hapa Mombasa, wawili ni mabinti, na hakuna ajuaye kuogelea. Jioni tutakwenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kula mihogo na pilipili, hilo halina neno. Taabu ni bahari. Ufuo wa Pirates hujaa watu, mtoto akipotea humwoni. Pwani ya Shelly, ng'ambo ya Likoni, naipenda, lakini siku za bamvua, bahari ikijaa na kutoka kwa wingi, maji yakijaa mchanga hubaki kidogo, na foleni ya feri kwa joto la kaskazi ni shughuli! Jirani yangu mvuvi kaniambia tu nisubiri maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haitoki sana. Wenye watoto, nyinyi huwapeleka wapi? Na mwalimu wa kike wa kuogelea hupatikana upande gani?